Maji Yanayotembea

Wahenga wa pwani walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mdudu chungu akitumbukia katika kifuu cha nazi chenye maji, kwake yeye hiyo ni bahari isiyo na ng'ambo. Msemo huu hutumiwa kutukumbusha kwamba kilicho kidogo kwa mmoja ni kikubwa kwa mwingine. Lakini ndani yake mna swali ambalo wahenga hawakulitamka: je, bahari hiyo ya kifuu itakaa siku ngapi kabla haijaoza? Bahari ya kweli ina mawimbi, ina maji kujaa na maji kupwa, ina pepo za kusi na za kaskazi. Kifuu hakina hata kimoja cha hivyo.

Kwa miaka mingi nimefuga samaki wadogo na mimea ya majini katika tangi la kioo sebuleni kwangu. Wageni wengi huuliza samaki hao wanaliwa lini. Wachache huuliza kwa nini pampu haizimwi hata usiku, na hao ndio wageni ninaowapenda, kwa sababu swali lao limewashughulisha watu wenye akili kwa zaidi ya miaka 150. Wengine walisema kwamba maji yakipewa mmea, samaki na mwanga, yatajitunza yenyewe. Wengine wakasema hapana, maji yasiyotembea hufa. Insha hii ni historia fupi ya mabishano hayo, pamoja na yale niliyojionea mwenyewe.

Nianze na kwetu, maana tumezoea kudhani kwamba kila jambo la aina hii lilianzia Ulaya. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu, mahali pa kuogea palijengwa birika la kuhifadhia maji. Wenye nyumba walitia humo visamaki vidogo ili vile viluwiluwi vya mbu. Na kwa kuwa maji huweza kupungua, chini kabisa ya birika palijengewa bakuli la kaure, ili birika likikaribia kukauka visamaki vipate pa kukimbilia mpaka maji mengine yaletwe. Hebu tafakari, ndugu msomaji, busara iliyomo katika bakuli lile. Mjenzi alimfikiria samaki wakati anajenga nyumba ya mtu. Tena maji ya birika hayakulala. Kila aliyeoga aliteka kwa kata, na kila yalipopungua yaliongezwa mengine kutoka kisimani. Pampu ya birika ilikuwa mkono wa mtu, na kata yenyewe mara nyingi ilikuwa ni kifuu kilichotiwa mpini. Kwa hiyo kifuu kile kile cha msemo ndicho kilichoyafanya maji yatembee.

Huko Ulaya hoja ilianzia kwenye hewa, si kwenye maji. Mwaka 1771 kasisi Mwingereza Joseph Priestley, alipokuwa akiishi Leeds, alichukua hewa ambayo mshumaa ulikuwa umewaka ndani yake mpaka ukazimika, akaweka humo kijiti cha mnanaa. Baada ya siku 10 aliona kwamba mshumaa mwingine uliweza kuwaka katika hewa ile ile. Mmea ulikuwa umeitengeneza hewa iliyoharibika. Mwaka 1779 tabibu Mholanzi Jan Ingenhousz, akifanya majaribio yake huko Uingereza, aliongeza jambo kubwa zaidi. Alizamisha majani ndani ya maji akaona kwamba yakiwa juani hutoa mapovu ya hewa safi, na yakiwa gizani huacha. Tena akaona kwamba gizani mimea huichafua hewa kama wanyama waichafuavyo. Watu wengi waliopenda habari ya Priestley hawakuisikiliza vizuri ya Ingenhousz. Walilikumbuka jua wakausahau usiku, na usahaulifu huo uliwagharimu samaki wengi sana baadaye.

Hapakuwa na matangi ya kioo majumbani bado, kwa sababu kioo kilikuwa ghali. Serikali ya Uingereza ilikitoza ushuru mpaka mwaka 1845 ushuru huo ulipofutwa. Hata kabla ya hapo walikuwako waliotangulia. Mwaka 1832 bibi mmoja Mfaransa aliyeolewa na mfanyabiashara na kuishi Messina katika kisiwa cha Sicily, Jeanne Villepreux-Power, alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze mnyama wa bahari aitwaye argonauta, jamaa wa pweza. Alitaka kujua kama gome analolibeba analitengeneza mwenyewe au analiiba kwa mwingine, na akathibitisha kwamba analitengeneza mwenyewe. Lakini Messina iko ufukweni. Maji mapya ya bahari yalikuwa mlangoni pake.

Kazi ngumu ilikuwa kuiweka bahari mahali pasipo na bahari. Aliyeifanya ni bibi mwingine, Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa kanisa la Westminster Abbey. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, akavutiwa na matumbawe madogo aliyoyaona huko, akayachukua ndani ya chombo mpaka London. Akawa na shida ile ile ya kifuu. Maji ya bahari ya kuletwa kutoka mbali hayabadilishwi kila siku. Basi akaamua kuyatembeza. Kila siku mtumishi wake wa nyumbani alisimama penye dirisha lililo wazi akiyachota maji na kuyamimina, akiyachota tena na kuyamimina tena, kwa muda wa nusu saa au zaidi, ili yakutane na hewa. Mwaka uliofuata bibi huyo aliongeza mwani hai kutoka pwani, na viumbe wake wakaishi miaka. Habari zake zilichapishwa mwaka 1859.

Wanaosimulia historia hii humtaja Bi. Thynne, na ni haki yake. Wamemtaja mumewe, na kanisa la mumewe. Yule aliyeshika chombo cha kumiminia anatajwa kwa kazi yake tu: mtumishi. Nami nasema kwamba pampu ya kwanza ya tangi la bahari ndani ya London ilikuwa mikono ya binadamu. Nitarudi kwake hapo mbele.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza mbele ya Chama cha Kemia cha London jaribio alilolianza mwaka uliotangulia. Katika chombo cha kioo cha galoni 12 hivi, yaani lita zipatazo 50, alitia samaki wawili wadogo wa dhahabu na mmea uitwao Vallisneria, wenye majani marefu membamba kama utepe. Samaki walivuta oksijeni iliyotolewa na mmea, na mmea ukatumia hewa ya ukaa iliyotolewa na samaki. Majani yaliyokufa yakaanza kuoza na maji yakachafuka, akaongeza konokono wa majini wale uozo huo. Maji yakatakata. Ukiisoma habari hii hutashangaa kwamba watu walisisimka. Ulikuwa ulimwengu mzima ndani ya chombo, kila mmoja akimlisha mwenzake, na hakuna aliyehitaji msaada kutoka nje. Waliuita usawa wa maumbile.

Fundisho hilo la usawa likapata mhubiri mwenye kipaji, naye ni Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe wa pwani. Mwezi Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na Gosse alikuwa mmoja wa walioileta viumbe. Mwaka 1854 alitoa kitabu chake kilicholieneza jina la akwariamu, na Uingereza ikaingiwa na homa ya matangi. Mabibi na mabwana walishuka ufukweni na vikapu na patasi, wakayabandua matumbawe na maua ya bahari miambani. Mwanawe Gosse, Edmund, alipoandika kumbukumbu zake mwaka 1907, alisikitika kwamba mabwawa ya miambani aliyoyaona utotoni yalikuwa yameporwa kabisa na jeshi la wakusanyaji, na kwamba kazi ya baba yake ndiyo iliyolifungulia jeshi hilo mlango, ingawa baba hakukusudia.

Na matangi yenyewe? Mengi yalikufa. Tangi liliwekwa dirishani ili mmea upate jua. Maji yakapata joto, yakageuka kijani, usiku oksijeni ikapungua, na asubuhi mwenye tangi akakuta harufu. Kabla miaka ya 1860 haijaisha homa ilikuwa imepoa, na masanduku mengi ya kioo yakawa matupu. Fundisho lilikuwa zuri kulisikiliza lakini halikuwatosha samaki.

Hapo ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii, William Alford Lloyd. Hakuwa msomi wala kabaila. Alifanya kazi katika biashara ya kujalidi vitabu kabla hajafungua duka la matangi na viumbe wa majini huko London katika miaka ya 1850. Kwa kuwa aliishi kwa kuuza vitu hivyo, vifo vya samaki kwake havikuwa habari ya kitabuni. Vilikuwa ni hasara na lawama za wateja. Lloyd alifikia uamuzi kwamba kinachoyahifadhi maji kwanza ni mwendo. Mmea ni msaidizi. Mwaka 1864 alisimamia nyumba ya samaki ya Hamburg, na mwaka 1871 ikafunguliwa ile ya Crystal Palace kusini ya London aliyoitengeneza kwa fikra zake.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Chini ya nyumba, mahali pa giza na baridi, alijenga hifadhi ya maji iliyokuwa kubwa mara kadhaa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa. Mashine ya mvuke iliyasukuma maji juu usiku na mchana. Yakaingia katika matangi kwa nguvu yakibeba mapovu ya hewa, yakapita kutoka tangi hadi tangi, kisha yakashuka tena kwenye hifadhi. Maji hayakutupwa. Maji yale yale yalizunguka na kuzunguka, na badala ya kuharibika yakazidi kuwa mang'avu. Mwanazuolojia Anton Dohrn alipojenga kituo chake maarufu cha Naples, ambacho matangi yake yalifunguliwa kwa watu mwaka 1874, alitumia ushauri wa Lloyd.

Kwa ujuzi wa leo tunaweza kueleza yale ambayo Lloyd aliyaona kwa macho na kuyapima kwa uzoefu. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Mwishoni mwa karne ya 19, wataalamu kama Sergei Winogradsky walibainisha kwamba wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hujishikiza kwenye mawe, mchanga na kuta, na huhitaji oksijeni. Kwa hiyo maji hayana budi kuwaendea. Mzunguko wa Lloyd uliyapeleka maji kwa mafundi hawa wasioonekana mara nyingi kila siku.

La pili ni hewa. Sehemu kubwa ya oksijeni ya tangi huingia kwa juu, pale maji yanapogusana na hewa. Mimea huongeza mchana na hupunguza usiku. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa samaki wa Marekani, James Atz, aliandika waziwazi kwamba ile habari ya tangi linalojitosheleza kwa usawa wa samaki na mmea ni ngano, na kwamba uso wa maji ndio unaowaokoa samaki. Lakini uso huo hauna msaada kwa samaki wa chini kama maji ya chini hayapandi juu.

La tatu lahusu mimea yenyewe, nalo ndilo lililonigusa mimi zaidi. Mmea wa nchi kavu hupata hewa ya ukaa kwa urahisi kwa kuwa gesi husambaa upesi hewani. Ndani ya maji gesi hiyo husambaa polepole mno, karibu mara 10,000 polepole zaidi kuliko hewani. Kila jani lililozama limevikwa tabaka jembamba la maji yaliyoganda juu yake kama shuka. Maji yasipotembea, jani hula hewa ya ukaa iliyomo ndani ya shuka hilo, kisha hukaa na njaa ingawa tangi limejaa gesi hatua mbili kutoka hapo. Maji yakitembea, shuka hupungua unene na chakula hufika. Hivyo mmea waweza kufa njaa katikati ya karamu, kwa kukosa mtu wa kuipitisha sahani.

Mwanzoni mwa milenia hii rafiki yangu mmoja alihamia mji mwingine, akaniachia tangi lake. Urefu wake ni sentimita 90, upana 40 na kimo 45. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi iliyoachwa juu, maji yake hayapungui sana chini ya lita 130. Pampu yake ilisukuma lita 500 kwa saa, yaani maji yote yalipita kwenye chujio karibu mara nne kila saa. Kwa hesabu ya karatasi hapakuwa na lawama. Lakini pembe ya nyuma upande wa kushoto majani yalikuwa yamevaa manyoya meusi ya mwani, na mchanga wa hapo ukiguswa ulitoa povu lenye harufu ya yai viza. Upande wa kulia mimea ya aina ile ile ilinawiri.

Nilitaka kuyaona maji, na maji hayaonekani. Nikasaga chakula cha samaki kikawa vumbi, nikalinyunyiza juu na kulifuata kwa macho. Vumbi lilitoka kwenye mdomo wa pampu kwa kasi, likaenda mpaka katikati ya kioo cha mbele, likagonga, likarudi moja kwa moja kwenye mdomo wa kunyonya. Maji yalikuwa yakizunguka kweli, ila yalikuwa yanazunguka mahali pamoja, kama mtu anayezunguka nyumba ya jirani mmoja na kudai ametembelea mtaa mzima. Vumbi lililofika ile pembe ya kushoto lilishuka taratibu likalala.

Tiba haikuwa pampu kubwa zaidi. Nilichukua bomba jembamba la plastiki, nikalitoboa matundu kwa msumari wa moto, kila baada ya sentimita 4, nikaliziba upande mmoja. Nikalilaza ukutani nyuma, kwa urefu wote wa tangi, chini kidogo ya uso wa maji, matundu yakitazama mbele. Sasa maji yalitoka kama pazia. Yalipita juu kwa upana wote, yakagonga kioo cha mbele, yakashuka chini, yakarudi nyuma yakipita kati ya mashina. Kisha nikapunguza majani ya chini ya mimea iliyosongamana, na nikayasogeza mawe mawili ili pawe na njia kama kichochoro. Alama niliyoitafuta ilikuwa moja tu: kila jani litikisike kidogo, lisipigwe wala lisilale. Baada ya wiki kadhaa majani mapya ya ile pembe yaliota yakiwa safi, na mchanga ukaacha kunuka. Pampu ilikuwa ile ile na maji ni yale yale, isipokuwa sasa yalifika kwa kila mmoja.

Kisha ukaja mwaka 2006. Mvua zilikuwa zimekosekana, mabwawa ya kufulia umeme yakakauka, na Tanzania nzima tukaishi kwa mgawo. Maji ya Mtera yalipopungua, maji ya tangi langu yalisimama. Jambo hilo lilinifikirisha sana, kwamba bomba langu dogo la matundu lilikuwa limefungwa kwa nyuzi zisizoonekana na mto ulio mamia ya kilomita kutoka sebuleni kwangu. Jioni za giza samaki walipanda juu wakihema, maana hata mimea, kama alivyosema Ingenhousz, usiku huvuta oksijeni nayo.

Tulikuwa tukiishi na mpwa wangu, binti wa miaka 12 hivi. Nilimwonyesha jinsi ya kuchota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina kutoka kimo cha shibiri moja, taratibu, mara nyingi, kila baada ya nusu saa. Aliifanya kazi hiyo chini ya taa ya chemli huku akihesabu. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, tunawapa hewa au tunawatisha?"

"Vyote viwili, mama," nikamjibu. "Lakini kesho watakuwa hai waendelee kuogopa."

Akacheka, akaendelea kumimina. Nami nikiwa nimekaa kando nikamkumbuka yule mtumishi wa London, aliyesimama penye dirisha la mwanamke mwingine akiyatembeza maji ya matumbawe yasiyokuwa yake. Tofauti ni kwamba binti wa kwetu aliruhusiwa kuuliza swali, na jibu lake alilipata, na asubuhi aliwahesabu samaki kama mali yake. Kama yule wa London aliuliza, hakuna aliyeandika. Jitihada iliyo nyuma ya kila kitu kinachoonekana kujiendesha chenyewe ina mtu wake. Pale ambapo wasomi waliandika neno usawa, mara nyingi palikuwa na mkono uliochota na kumimina.

Ufundi wa nyakati zetu umefika mbali. Katika miaka ya 1960 machujio yaliyofungwa ndani ya chombo na kuendeshwa kwa umeme yalianza kuingia majumbani. Mjapani Takashi Amano, mpiga picha, alianzisha kampuni yake mwaka 1982, na kitabu chake cha mwaka 1992 kiliwafundisha watu wa nchi nyingi kutengeneza bustani za majini kama mandhari ya mlima na mwitu, kwa kutia hewa ya ukaa na kupanga mwendo wa maji. Kazi yake kubwa ya mwisho, iliyofunguliwa Lisbon mwaka 2015, mwaka ule ule aliofariki, ina urefu wa mita 40. Mtu akiitazama huona utulivu mtupu. Kimya kina mshindo mkuu, na nyuma ya kimya kile zipo pampu zisizolala.

Lakini mfano mkubwa kuliko wote hatuna haja ya kuufuata Lisbon. Tunao Kigoma. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na kwa kina huzidiwa na Baikal peke yake. Samaki wake wa rangi husafirishwa kwenda kuwekwa katika matangi ya watu Ulaya, Marekani na Japani. Hata hivyo sehemu kubwa ya ziwa hilo haina samaki. Kuanzia mita 100 hadi 200 hivi kwenda chini, maji hayana oksijeni, kwa sababu yale ya juu yenye joto ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi na hayachanganyiki nayo. Virutubisho vimelala kule chini kama hazina iliyozikwa. Kinachoviinua ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na yale ya chini hupanda upande wa kusini yakileta chakula cha vijimea vidogo. Vijimea hulisha vijidudu, vijidudu hulisha dagaa, dagaa humlisha mgebuka, na wote hao hutulisha sisi.

Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba ziwa limepata joto katika karne ya 20, kwamba tabaka la juu limezidi kujitenga na la chini, na kwamba uzalishaji wa vijimea huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi. Nilipoisoma habari hiyo niliielewa kwa tumbo kabla ya kuielewa kwa akili, maana nilikuwa nimeshawahi kunusa ile pembe ya kushoto. Ziwa lile halikosi chakula. Linakosa wa kukipitisha. Tena ziwa halina mpwa mwenye jagi. Watu wa Kigoma, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu wanaotega dagaa kwa taa usiku hawawezi kulitoboa bomba na kulilaza ukutani mwa ziwa. Joto hilo limetokana kwa sehemu kubwa na moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, nyingine zikiwa ni hizo hizo zinazowafuga samaki wa Tanganyika sebuleni.

Kizazi changu kililelewa na neno kujitegemea, nami sijalikana hata leo. Ila tangi limenifundisha kulisoma vizuri. Kujitegemea si kujifungia. Chombo cha Warington kilipendeza kwa sababu kilionekana hakidaiwi na mtu. Kumbe kilidaiwa na dirisha, na jua, na hewa iliyogusa uso wa maji yake, na mwenye kukitazama kila asubuhi. Birika la Lamu lilikuwa na ukweli zaidi, kwa sababu halikuficha kwamba linategemea kata, kisima na mikono ya waliomo nyumbani, na likaweka bakuli la akiba kwa siku ambayo mikono hiyo itachelewa.

Basi wewe uliye na tangi, dogo au kubwa, usiitazame pampu tu ukaridhika kwa kuwa inanguruma. Tazama jani lililo mbali nayo kabisa, kwenye pembe ya nyuma. Kama linatikisika, samaki wako watalala salama. Na wewe usiye na tangi, una nyumba, una ofisi, una mtaa. Humo nako chakula huweza kuwa tele na pembe moja ikanuka. Usiulize kwanza kama kipo cha kutosha. Uliza kinapita wapi, na ni nani anayekipitisha, kisha ulijue jina lake.